Daftari la Ukuta

Chama chetu cha akiba kiko Barabara ya Kumi na Tatu,
juu ya duka la vitenge. Chumba cha mitambo
kilikuwa kabati la mafagio.
Humo anakaa mlinzi asiye na kirungu:
kisanduku cheusi, upana wa viganja viwili,
taa nne za kijani, feni inayokohoa.
Sisi twamwita Ukuta.

Miaka mitatu Ukuta umesimama mlangoni,
huyu pita, huyu rudi, wewe huna kibali,
na kila aliyefika umemtaja,
kwa pumzi tu, si kwa wino.
Umeme ukikatika, yote uliyoyataja
yakauka kama jasho shingoni.
Tanga tuna neno letu: waja leo, waondoka leo.
Lilisemwa juu ya wageni.
Lingetosha juu ya kumbukumbu zetu.

Mwezi wa Shaabani zilitoka milioni nne na laki mbili
kwenye hesabu ya kina mama wa Mwambani.
Zilitoka usiku, zilitoka kimya.
Mwenyekiti Shemdoe akanishika bega: "Uulize Ukuta."
Nikauuliza.
Ukuta ukanijibu kwamba leo ni tarehe mosi Januari,
mwaka elfu moja mia tisa na sabini,
na kwamba haujaona mtu.
Mwaka huo mama yangu alikuwa hajaota meno.

Kamati haikungoja. Kibwana Mngazija alikuwa na ufunguo,
na ufunguo ukatosha kuwa ushahidi.
Alitoka na begi, na chaja, na kikombe.
Ngazini akageuka, akakirudisha kikombe:
"Hiki cha ofisi. Msije mkaniandikia na hiki."

Leo nimekuja na bisibisi, na diski
ndogo kuliko kiberiti,
nimeinunua kwa pesa yangu, risiti ninayo.
Nimeufungua Ukuta mgongo:
nyuzi za vitenge zimesokotana kwenye feni, nyekundu, za manjano.
Nimezichambua kwa kucha. Nimepachika diski.
Kisha nimeuamuru:
usiandike hewani, andika hapa.
Aliyeingia mwandike; aliyekataliwa mwandike zaidi.
Siku tisini usifute.
Ukikaribia kujaa nambie,
usijae kwa kunyamaza.

Saa ndiyo iliyonichosha.
Ukuta wahesabu kwa saa za watu wa mbali,
nasi twahesabu tangu jua lichomoze;
ukisema ishirini na tatu na dakika kumi na nne
yanipasa nijue ni saa nane na ushei ya usiku,
saa ambayo mwizi na mwenye tahajudi
wote wako macho.
Nikabandika karatasi mlangoni: JUMLISHA TISA.

Halafu nikaukata umeme kwa mkono wangu.
Feni kimya. Chini, muuzaji akiendelea kupima kitambaa,
yadi ya pili, yadi ya tatu.
Nikawasha.
Taa moja. Mbili. Ya tatu ikasita.
Ya nne.

Mstari wa kwanza ulikuwapo, umevuka giza salama:
Mwantumu. Ameingia. Amebadili kanuni. Amezima.
Nikaona haya kidogo,
kama mtu aliyeajiri karani
akakuta karani ameanza na yeye.

Jioni Kibwana akapiga simu; siku hizi anauza laini Mabanda ya Papa.
"Nasikia umeutia daftari."
"Nimeutia."
"Na kurasa za Shaabani?"
Nikamwambia daftari haliandiki jana.
Hakujibu. Nilimsikia akimhesabia mtu chenji,
mia tano, mia saba, shika.

Nilirudi kwenye fomu ya makabidhiano.
Penye neno *Maelezo*, ambapo huwa naandika *kazi imekamilika*,
nikaandika kwa kalamu, polepole:
*Kabla ya leo, Ukuta huu haukuwa na uwezo
wa kumshuhudia mtu yeyote, kwa heri wala kwa shari.*
Nikatia sahihi, na tarehe, na saa, ya hapa.
Nakala moja kwa Shemdoe.
Nyingine nimeikunja mara nne
nikaiacha ndani ya kikombe.